MABAKI YA KUKU KWENYE FRIGO: TUHESABU SIKU AU TUHESABU BARIDI?



Ndugu Waislamu, wazazi wetu, mama zetu na dada zetu, somo la Ijumaa ya leo ni la jikoni. Asishangae mtu. Kwenye karatasi kama hii tumezoea kusoma juu ya udhu, ndoa na mirathi. Lakini sufuria nayo ina masomo yake, na asiyeyajua anaweza kuwaumiza watoto wake kwa kuku aliyemnunua kwa pesa ya halali na kumchinja kwa bismillahi.

Jambo lenyewe ni hili. Kuku mmoja si kitu kidogo kwenye mfuko wa mzazi. Akipikwa Ijumaa akabaki nusu, hakuna mama atakayeimwaga nusu ile. Anaiweka kwenye frigo. Jumamosi inaliwa kidogo. Jumapili wanakuja wageni na kunapikwa kitu kingine. Jumatatu inasahaulika. Jumanne mtu anafunua kifuniko, ananusa, anasema: bado ni nzuri, tupashe tule. Je, bado ni nzuri kweli?

Jibu fupi ni kwamba nyama ya kuku iliyopikwa, ikiwahi kuingia kwenye frigo yenye baridi ya kweli, inakaa siku 3, na wengine wanasema hadi 4. Jibu refu ni kwamba frigo nyingi hapa kwetu Bukavu hazipati siku 3 za baridi mfululizo, sababu ya umeme unaokuja na kuondoka. Basi mtu anahesabu siku, na huku ndani ya frigo baridi ilikwisha zamani. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo tutakapokaa zaidi katika somo hili.

HIZO SIKU 3 ZIMETOKA WAPI?

Wataalamu hawakusimama kwenye namba moja. Wizara ya kilimo ya Marekani inafundisha siku 3 hadi 4 kwa kuku aliyepikwa. Shirika la Afya Duniani, ambalo sisi tunaliita OMS, lina mafundisho yake ya funguo 5 za chakula salama, yaliyoanza kuenezwa mwaka 2001, nalo linasema mabaki yasipite siku 3. Idara ya serikali ya Uingereza inayosimamia usalama wa chakula inasema saa 48, yaani siku 2 tu.

Mtu atauliza: kuku wa Marekani ana nguvu kumshinda kuku wa Uingereza? Hapana. Vijidudu ni vile vile. Kinachotofautiana ni kiasi cha tahadhari, kama vile madaktari wawili wanavyoweza kumwambia mgonjwa mmoja apumzike wiki moja na mwingine wiki mbili. Lakini wote wanakutana kwenye sharti moja, na sharti hili ndilo watu wanaliruka: ndani ya frigo pawe na digrii 5 au chini yake, na Wamarekani wanashusha hadi 4. Siku 3 ni za chakula kilichokaa kwenye baridi hiyo mchana na usiku. Frigo iliyozimika ni kabati. Ina mlango mzuri na mpira mzuri, lakini ni kabati.

Tena kuhesabu kunaanza siku chakula kilipoiva. Hakuanzi siku ulipokikumbuka. Kuku wa Ijumaa mchana, Jumapili mchana ametimiza siku 2, Jumatatu mchana ametimiza 3. Chukua kipande cha karatasi, andika siku na saa, kibandike kwenye kifuniko. Nyumba yenye watu wanane, hakuna anayekumbuka kwa hakika chombo kipi ni cha lini.

VIJIDUDU VINAFANYA NINI USIKU WOTE

Kati ya digrii 5 na digrii 60 ndipo vijidudu vinapostarehe. Chini ya 5 vingi vinasinzia, juu ya 60 haviongezeki. Ukipata mahali pa vuguvugu, na mchuzi wa kuku wenye maji na mafuta, umevitandikia kitanda. Tufanye hesabu ya kitoto. Kijidudu kimoja kinachojigawa mara mbili kila dakika 20, baada ya saa 2 kimekuwa 64. Hicho si kitu. Baada ya saa 4 ni 4,096. Baada ya saa 6 vimepita 262,000, na baada ya saa 7 vimepita milioni 2. Ona vile hesabu inatembea polepole mwanzoni, halafu inakimbia. Ndiyo sababu mtu anaweza kula chakula cha saa 2 mara mia asipate neno, akasema hayo ni maneno ya wazungu, kisha akala cha saa 8 mara moja tu akalazwa.

Watu wengi wanasema: mimi nilimpika vizuri, vijidudu vilikufa. Ni kweli, vingi vilikufa. Lakini kuna vya namna tatu ambavyo tuvijue.

Kuna vile vinavyojificha ndani ya ganda gumu, kama mbegu inayongojea mvua. Moto wa sufuria unaua vilivyo wazi, mbegu zinabaki. Chakula kikipoa polepole zinachipuka. Wataalamu wanawaita jamaa hao klostridia, na wanapenda sana sufuria kubwa ya nyama, ile ya walima na ya matanga, kwa kuwa katikati yake joto la vuguvugu linakaa usiku mzima. Anayekila chakula hicho anaanza kuumwa tumbo na kuharisha baada ya saa 6 hadi 24.

Kuna vile vinavyotoka kwetu sisi wenyewe: mikononi, puani, kwenye kidonda cha kidole. Hivi vinaitwa stafilokoki. Vinaingia kwenye chakula baada ya kuiva, na vikiongezeka vinaacha sumu ambayo moto hauiondoi. Utachemsha, kijidudu kitakufa, sumu itabaki pale pale. Huyu mgonjwa wake anatapika mapema, pengine hata nusu saa baada ya kula.

Na kuna listeria, ambayo ina tabia mbaya ya kuendelea kuongezeka hata ndani ya baridi, polepole. Kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi inapita tu. Kwa mwanamke mwenye mimba inaweza kumtoa mtoto tumboni. Kwa hiyo mama mjamzito asipewe mabaki ya siku ya tatu, hata kama frigo ni mpya.

Sasa juu ya kunusa. Vijidudu vinavyoozesha chakula na kukitia harufu siyo lazima viwe vile vinavyougonjesha. Chakula kinaweza kunuka kidogo kisidhuru, na kinaweza kunukia vitunguu na tangawizi vizuri kabisa huku kimejaa sumu. Pua ikikataa, isikilize. Pua ikikubali, hiyo haijawa ruhusa.

SAA MBILI ZA KWANZA

Kabla ya kuzungumza juu ya frigo tuzungumze juu ya muda kabla ya frigo. Kanuni ni saa 2 tangu chakula kutoka motoni, na mahali penye joto linalopita digrii 32, saa 1 tu. Ndugu zetu wa Uvira na Kindu, kuna siku zenu za saa 1. Sisi wa Bukavu tunajidanganya kwa njia nyingine. Tunasema hapa ni baridi, chakula kinalala mezani bila neno. Lakini usiku wetu unashuka karibu digrii 15, na 15 iko mbali na 5. Baridi inayokufanya utafute blanketi, kwa kijidudu ni hali nzuri ya kazi.

Tupime saa hizo kwa swala, kwa kuwa hiyo ndiyo saa tunayoibeba wote. Kati ya Adhuhuri na Alasiri ni zaidi ya saa 3. Basi kama kuku ametoka motoni saa saba, watu wakitoka msikitini, mabaki yake yawe yameingia kwenye baridi kabla ya adhana ya Alasiri. Asingojee watoto warudi, wala asingojee baba aliyesema anakuja mara moja.

Mwezi wa Ramadhani ndio tunakosea zaidi. Watu wanafuturu Magharibi, saa kumi na mbili na robo. Mboga inayobaki inafunikwa, inawekwa kando kwa ajili ya daku. Daku ni saa kumi ya usiku. Hizo ni karibu saa 10 mezani! Halafu mtu anaamka na usingizi, anapasha juu juu mpaka moshi utoke kidogo, anakula, anafunga, na saa tatu ya asubuhi anasema saumu ya leo imemwelemea. Kama una frigo, chakula cha daku kitengwe na kiingie baridini mapema, kabla ya Tarawehe. Kama huna frigo, daku iwe na kitu kisichohitaji baridi: mkate, ndizi, viazi vitamu, au uji unaopikwa saa ile ile.

Kufunika chombo usiku ni jambo tulilofundishwa na Mtume wetu, swallallahu alayhi wa sallam, katika hadithi iliyopokewa na Jabir, na ni kinga nzuri dhidi ya nzi, mende na panya. Lakini kifuniko hakileti baridi. Tusitie kwenye mafundisho kitu ambacho hayakusema.

SUFURIA KUBWA, SINIA NA SASHE

Sufuria ya lita 30 ikitolewa motoni saa kumi jioni, alfajiri katikati yake bado pana vuguvugu. Hata ukiiingiza nzima kwenye frigo haitapoa kwa wakati, tena itavipasha joto vyakula vingine vilivyomo. Kwa hiyo wale wazee waliosema usiingize kitu cha moto kwenye frigo walikuwa na sababu, lakini sababu hiyo ni ya sufuria nzima. Dawa yake ni kugawanya. Mnyambue kuku kwenye mifupa, mtandaze kwenye vyombo bapa, kina kisipite vidole vitatu, weka vyombo ndani ya besheni la maji ya baridi na ukoroge mchuzi mara kwa mara. Baada ya nusu saa hivi joto kali limekwisha. Ingiza kwenye frigo, kikiwa bado na uvuguvugu haina neno. Usivipange vikabanana, hewa ya baridi inataka njia ya kupita.

Kuku mbichi akiwa ndani ya frigo hiyo hiyo, akae chini kabisa ndani ya bakuli. Maji yake yakidondokea aliyepikwa, kazi yote ya moto imeharibika. Na huyo mbichi asipite siku 2.

Tofautisha kilichobaki ndani ya sufuria na kilichobaki kwenye sinia. Kula pamoja kwenye sinia moja kuna baraka na mapenzi, wala hatuyagusi hayo. Lakini kipande kilichoguswa na mikono ya watu sita, na vya watoto vikiwa vimeng'atwa nusu, hicho si cha kuwekwa hadi kesho. Pakueni kidogo, ongezeni mara ya pili kutoka jikoni. Kitakachobaki kwenye sinia kitakuwa kidogo, kimalizwe pale pale. Cha sufuria, kilichoguswa na mwiko peke yake, ndicho cha frigo.

Na zile sashe za walima, ambazo mama anapewa akirudi nyumbani! Wali wa moto na kuku wa moto vimefungwa pamoja, vinatoka Ibanda kwa miguu au kwa gari hadi Bagira, vinafika usiku, vinawekwa kando kwa ajili ya kesho. Saa za sashe zilianza kuhesabiwa pale jikoni kwa bwana harusi. Ukifika nayo nyumbani, waamshe watoto wale, au igawanye na kuipoza usiku ule ule. Tena wali una shauri lake peke yake. Ndani ya mchele kuna kijidudu kingine chenye ganda gumu, na sumu yake haivunjwi hata kwa kuchemsha kwa muda mrefu. Waingereza wanaupa wali wa kiporo saa 24 tu ndani ya frigo. Kuku akichanganyika na wali, kama pilau, fuata hesabu ya wali.

UMEME UKIONDOKA

Hapa ndipo namba za vitabu zinatuacha, kwa sababu zimeandikwa kwa watu ambao umeme wao ukikatika ni habari. Kwetu delestaji ni sehemu ya wiki.

Frigo iliyojaa baridi, umeme ukikatika, ikiwa mlango haufunguliwi, inalinda chakula kwa muda wa saa 4 hivi. Kila ukifungua kutafuta maji ya kunywa unazipunguza saa hizo. Zikipita saa 4, kuku, mchuzi, maziwa, wali na samaki vimeingia kwenye ule ukanda wa hatari. Umeme ukirudi saa 10 baadaye, frigo itavipoza tena, utagusa na kusema ni vya baridi. Lakini vijidudu havirudi nyuma. Vilivyozaliwa vimezaliwa, na sumu iliyowekwa imewekwa. Kwa hiyo anayeuliza kama frigo ina baridi sasa hivi ameuliza swali pungufu. Aulize ilikaa saa ngapi bila baridi.

Utajuaje, ikiwa ulikuwa kazini au umelala? Kuna njia moja rahisi. Chukua kikombe cha maji, kigandishe kwenye chumba cha barafu. Kikishaganda weka juu yake kijiwe kidogo kilichooshwa (kwingine wanatumia sarafu, lakini franka zetu ni za karatasi). Kiache humo. Ukikuta kijiwe kimezama mpaka chini, ujue barafu yote iliyeyuka na kuganda tena, na umeme ulikosekana muda mrefu. Kikiwa katikati, ulikosekana muda wa kutosha kukutia shaka. Kikiwa juu, barafu haikuyeyuka. Ni kipimo cha chumba cha barafu, na chumba cha chini kinapoteza baridi mapema zaidi, kwa hiyo kisichukuliwe kuwa cheti. Mwenye uwezo anunue kipimajoto cha frigo. Kile cha kupimia homa hakifai, namba zake zinaanza juu sana. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya frigo, usome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa na watu. Ukikuta 8 au 10, na umeme haukuondoka, zungusha kitufe cha baridi au angalia mpira wa mlango. Mpira uliopasuka unaweza kukupotezea baridi mwaka mzima bila wewe kujua.

Sasa tuseme maneno ya kufanyia kazi. Kwa nyumba ambayo umeme haukuondoka kabisa, au uliondoka chini ya saa 4 mara moja tu, sisi tunashika siku 2 za Waingereza, na ya 3 kwa watu wazima wenye afya. Siku ya 4 tunaiacha kwa Wamarekani. Kwa nyumba ambayo umeme unaondoka kila siku saa nyingi, tusidanganyane: hiyo frigo ni ya kuhifadhi chakula kutoka mchana hadi jioni, au usiku mmoja ambao una hakika umeme ulikuwepo. Umeme ukiondoka wakati wewe upo, na unaona saa ya tatu inapita, toa kuku, mchemshe vizuri, aliwe wakati huo. Usingoje ya tano.

Asiye na frigo kabisa, na hao ni wengi kati yetu, asihuzunike. Njia zake ni za zamani: kununua nusu ya kuku na jirani, kupika kinachotosha, na kuiacha sufuria juu ya mbabula yenye makala hai mpaka wa mwisho ale. Mchuzi unaotokota kidogo umepita digrii 60, uko salama. Makala yakizimika, saa zinaanza.

KUPASHA

Kupasha ni mpaka ndani. Wamarekani wanataka digrii 74, OMS inasema 70. Asiye na kipimo aangalie mchuzi: uchemke kwa mapovu pande zote, ukorogwe, uchemke tena, na kipande kinene kikipasuliwa kitoe mvuke katikati. Hapa Bukavu, kwa ajili ya mwinuko wetu wa karibu mita 1,500, maji yanachemka kwenye digrii kama 95, siyo 100. Bado ni zaidi ya kutosha.

Pasha mara moja tu, na kiasi kitakacholiwa. Kuitoa sufuria nzima, kuipasha, kuila robo na kuirudisha, halafu kesho vile vile, ni kuipitisha kila siku kwenye ukanda wa hatari kwenda na kurudi. Kuna mama wanaosema wao huchemsha mboga asubuhi na jioni, na hivyo ndivyo bibi zao walivyofanya. Tunawaheshimu bibi. Kuchemsha huko kunaua vijidudu vilivyoamka, na kumewaokoa watu wengi. Lakini hakuondoi sumu iliyokwisha kuwekwa, na kati ya Isha na Alfajiri ni zaidi ya saa 9.

Mwenye konjelateri yenye digrii 18 chini ya sifuri anaweza kumweka kuku aliyepikwa kwa miezi, ingawa baada ya miezi 3 au 4 ladha inapungua. Konjelateri iliyojaa, ikifungwa, inavumilia bila umeme kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Kuyeyusha kufanyike ndani ya frigo, siyo juu ya meza.

CHA KUMPA MASIKINI

Tuguse jambo moja ambalo ni zito kidogo. Tunajua ubaya wa israfu, na kwa sababu hiyo mtu akiona mabaki yametia shaka anasema: nisitupe, niwape wale watoto wa jirani, au nipeleke kwa wanafunzi wa madrasa. Anadhani ameepuka dhambi na kupata thawabu. Lakini aya ya 267 ya Surat al-Baqara inatukataza kuchagua kilicho kibaya katika mali yetu tukitoe, hali sisi wenyewe tusingekipokea isipokuwa kwa kufumba macho. Na mtoto wa masikini ndiye mwenye mwili dhaifu zaidi wa kupambana na kuharisha. OMS ilikadiria mwaka 2015 kwamba chakula kisicho salama kinaua watu 420,000 kila mwaka duniani, na kati yao 125,000 ni watoto wasiofikia miaka 5. Bara letu la Afrika ndilo lenye mzigo mkubwa zaidi ukilinganisha na idadi ya watu.

Kutoa ni siku ile ile. Sufuria ikiwa bado ya moto na unaona kitabaki, mwite jirani kabla hujapakua, au mpelekee bakuli kabla ya Alasiri. Israfu imeingia pale mtu alipopika kuku watatu kwa watu watano, haingii pale anapomwaga kilichoharibika ili kisidhuru. Kimwagwe kwenye shimo na kufukiwa, mbwa na kuku wasikichakure.

MTU AKISHAUMWA

Mtu akianza kutapika au kuharisha baada ya kula, jambo la kwanza ni maji. Apewe SRO ya kituo cha afya. Kama haipo, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visiwe vya kilima. Koroga, anywe kidogo kidogo, na akitapika ngoja dakika 10 uanze tena. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Chumvi isizidi, inadhuru mtoto. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe, utengenezwe mwingine.

Ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyoingia ndani, mtoto asiyekojoa au asiyeweza kunywa, au mgonjwa akiwa mjamzito au mzee sana, apelekwe kwa daktari siku ile ile. Na umwambie daktari alikula nini, saa ngapi, na chakula hicho kilipikwa lini. Kile kikaratasi ulichobandika kwenye kifuniko, nenda nacho.